Mikuyu ya Babu na Matope ya Kinamasi

Rumonge, 4 Februari 2024

Fina mdogo wangu,

Huku tu wazima. Usinipigie simu kuniuliza habari za baraza, maana simu ni ya Ciza wa jirani, na Ciza ana masikio kuliko sungura. Naandika kwenye karatasi, yeye anapiga picha na kukutumia akipata mtandao. Mwandiko wangu hawezi kuusoma. Hata mwalimu wetu kule kambini Ulyankulu ulimshinda.

Jana tulikaa barazani na Honoré. Alisema yale yale: baba yake alipopewa ile ardhi, baada ya watu wetu kukimbilia Tanzania mwaka wa sabini na mbili, ilikuwa nyasi tupu, hapakuwa na boma la mtu, na michikichi yote iliyopo wameipanda wao. Nikasema la. Palikuwa na boma la babu, na lilizungukwa na mikuyu. Babu alichomeka fito za mkuyu kuwa ua, fito zikashika mizizi, ua ukawa miti. Mama alipoletwa pale bibi harusi, miti ilikuwa minene kiasi cha mtu kujificha nyuma yake na ng'ombe wake. Wakauliza iko wapi sasa. Nikasema ilikatwa na baba yake Honoré. Honoré akasema wakati huo yeye alikuwa wa kubebwa mgongoni, hakuona kitu. Mimi nami nilikuwa sijazaliwa.

Nikamtaja Bibi Valérie, jirani wa zamani. Honoré akamkataa, eti ni mkwe wetu, na macho yamekufa. Mama naye ni mwenye kesi, hawezi kuwa shahidi. Nikaona tunazama. Ndipo nikakukumbuka wewe, na yale matope.

Wazee wote walikuwepo siku ile yule daktari wako wa Durban alipokuja kutoboa kinamasi kilicho chini ya shamba, wakatoa matope kwa bomba refu, na wewe ukawa mkalimani wao. Ulisema mbele ya watu kwamba matope yale yamehifadhi unga wa maua wa miaka yote, na anayejua kuyasoma ataona paliota nini. Ni kwa sababu ya siku ile walikuchukua ukasome. Nikasimama, nikasema: matope hayana ukoo, yaulizwe. Honoré akafikiri, akakubali. Sikutegemea! Tumetia dole gumba sote wawili. Matope ndiyo shahidi mmoja wa pande mbili, na unajua desturi ya baraza letu: shahidi wa namna hiyo akisema, haongezewi neno wala hapunguziwi.

Tukishinda, Mama anarudi mahali pa boma la mumewe. Tukishindwa, hata hiki kibanda cha pembeni tunakiacha. Lakini tutashindwaje? Mama ameshanionyesha jiko litakaa upande gani. Hebu yasome hayo matope haraka.

Kaka yako,
Libère


Point, Durban, 18 Februari 2024

Kaka Libère, shikamoo,

Nimesoma barua yako nimesimama dukani kwa Bonheur, pale ninapouza simu kila Jumamosi, mpaka mteja akanipigia meza. Nimecheka peke yangu. Kaka, wewe ni mtu wa ajabu! Umeyapeleka matope mahakamani!

Niko sharp, usiwe na wasiwasi. Bado naishi Point na Aurélie, yule dada wa Bujumbura anayesuka nywele mjini. Chumba kimoja, bahari iko karibu lakini dirisha letu linaangalia ukuta. Asubuhi napanda taxi kwenda chuo. Iko siku tunafika, iko siku watu wanafunga barabara.

Najua utanicheka hiyo "iko". Wacongo ndio wengi hapa, ulimi umeshanigeuka.

Sasa sikiliza kazi ilivyo. Matope ya juu ni ya juzi, ya chini ni ya zamani. Tunakata kipande, tunakichemsha kwenye dawa kali mpaka udongo wote unayeyuka, inabaki chavua peke yake, ule unga wa maua. Ganda lake ni gumu mno, haliozi. Halafu nakaa kwenye hadubini na kuhesabu, hii ya nyasi, hii ya mchikichi. Kila mmea una sura yake. Matope ya nyumbani yako hapa kwenye friji ya maabara, nilikuwa nimepangiwa kuyaanza mwezi wa tano. Nimeomba niyaanze sasa.

Nimemweleza Dokta Tahira, yule yule aliyekuja kinamasini, sasa ndiye mwalimu wangu, habari ya baraza. Bibi zake walitoka Afrika Mashariki zamani, yeye kazaliwa hapa Durban, Kiswahili anajua "karibu" na "pole" tu. Akaniuliza, miti gani? Nikamwambia mikuyu. Akasema sawa, angalia uone. Ana kazi nyingi huyu mama, siku hizi hacheki.

Mwambie Mama jiko alisogeze mbali na upepo wa ziwani. Nampenda.

Mdogo wako,
Joséphine


Rumonge, 10 Machi 2024

Fina,

Tumempoteza Bibi Valérie. Alilala mchana akapitiliza. Tumemzika vizuri, Honoré mwenyewe alikuja na kushika jembe, siwezi kumnyima haki yake.

Kabla ya hapo Mama alikwenda kukaa naye, wakawa wanapanga mikuyu ile mmoja mmoja kwa vidole, upi ulikuwa mlangoni, upi ulikuwa na mzinga wa nyuki. Bibi Valérie alikuwa tayari kubebwa mpaka barazani. Nikamwambia bibi pumzika, siku hizi tuna shahidi asiyeugua. Alicheka sana.

Mama haumwi, ila usiku anaongea. Mchana anashinda kwenye mpaka wa shamba akiitazama michikichi ya watu. Baraza litakaa tena mwezi wa tano mwanzoni. Mbona kimya? Ulisema unaanza.

Libère


Durban, 24 Machi 2024

Kaka, shikamoo,

Poleni sana na msiba. Nimelia kwa ajili ya Bibi Valérie, Aurélie akadhani nimeibiwa.

Kazi inaendelea polepole. Umeme hapa ni wa mgao, ukikatika kila kitu kinasimama. Eish, na maji nayo. Juzi taxi yetu ilisimamishwa kwenye robot, taa za barabarani, na watu waliokuwa wakiuliza nani mgeni humu ndani. Tulikuwa wawili. Nilionyesha karatasi yangu, mmoja akaisoma huku na huku, akanirudishia. Yule mwenzangu alishuka, sijui alifika wapi.

Nataka kukuuliza mambo mawili matatu, usiyafikirie sana. Je, kwenye boma la babu palikuwa na mti mwingine wowote, usio mkuyu? Yuko mzee mwingine aliyewahi kupaona? Na lile dole gumba, mtu anaweza kwenda kwa wazee akasema amebadili mawazo? Nauliza tu.

Msalimie Mama. Usimwambie nimeuliza.

Joséphine


Rumonge, 2 Aprili 2024

Joséphine,

Mimi si mtoto. Tangu tukiwa kambini, ukivunja kitu ulikuwa unaanza kuuliza maswali. Uliuliza kama kuna chungu kingine, kumbe kile kimoja kiko vipande vipande nyuma ya mlango.

Umeona nini kwenye hayo matope? Niambie. Usiniletee habari za umeme.

Libère


Durban, 9 Aprili 2024

Kaka yangu,

Sijaona mkuyu hata mmoja.

Nimetazama matope ya miaka ya babu, nimerudia, nimekata vipande vingine nikatazama tena. Kuna nyasi. Nyasi, nyasi, halafu ukija juu, miaka ya baba yake Honoré, michikichi inaanza kidogo, kisha inajaa. Matope yanasema maneno yale yale ya Honoré, neno kwa neno, kama aliyakalisha chini akayafundisha.

Usitupe karatasi. Nisome mpaka mwisho.

Kaka, umewahi kuona ua la mkuyu? Hujaliona, na hakuna aliyeliona, kwa sababu maua yake yako ndani ya tunda, yamefungiwa humo. Kuna nyigu mdogo kuliko punje ya ulezi, ndiye anayejipenyeza ndani na chavua ya mti mwingine, na watoto wake ndio wanaotoka nayo kuipeleka kwingine. Upepo haupewi kitu. Nyasi zinamwaga unga wao hewani ovyo, mchikichi unamwaga mpaka nguo zinakuwa njano, basi huo ndio unaoanguka kinamasini. Mkuyu unampa nyigu wake tu. Hata punje moja ikidondoka kwa bahati ni ndogo mno, huwezi kuapa kuwa ni ya mkuyu.

Nilitaka kuhakikisha. Nje ya maabara yetu kuna mkuyu mkubwa, matunda yake yanachafua magari ya walimu, wanaulaani kila siku. Niliweka vibao vyenye mafuta ya kunasa chini yake kabisa, nimegusa shina. Vimenasa nyasi, vimenasa mivinje ya ufukweni, vimenasa misonobari kutoka mashamba ya huko bara. Mkuyu wenyewe, hakuna. Nimekaa chini yake, matunda yananiangukia kichwani, na hadubini inaniambia hapa hapana mti.

Kwenye matope yetu kuna mpaka chavua ya miti ya milimani Kibira, imekuja na upepo, miti ambayo hakuna wa ukoo wetu aliyewahi kuikata hata kijiti. Hiyo imeandikwa. Ua wa babu haukuandikwa.

Dokta Tahira alijua tangu aliponiuliza miti gani. Alisema hakutaka kunivunja moyo kabla sijaangalia. Nilimkasirikia, nikamwambia. Lakini mimi mwenyewe siku ile kinamasini nilisema mbele ya wazee kwamba matope yanahifadhi yote. Nilikuwa mkalimani tu, nilikuwa na furaha, nilitafsiri zaidi ya nilivyoambiwa. Ninaumia, Kaka.

Joséphine


Rumonge, 15 Aprili 2024

Fina,

Nimesoma yote. Nimeelewa. Nyigu, tunda, upepo, nimeelewa.

Sasa na wewe nielewe mimi. Miti ilikuwepo. Wewe unajua ilikuwepo, mimi najua, Bibi Valérie amekufa anajua. Matope ndiyo hayajui. Basi andika kwamba imeonekana. Andika kidogo tu, mikuyu michache, usizidishe. Hapa hakuna mwenye hadubini. Katibu wa baraza anatafuta miwani yake nusu saa kila kikao. Utakuwa umesema uongo gani? Ukiandika hakuna, huo ndio uongo wenyewe, maana watasikia hapakuwa na kitu.

Wazee hawataki maelezo, nimeshawauliza kwa mbali. Wanataka kusikia ndiyo au hapana, ndivyo tulivyoapa. Na nani alituapisha? Mimi. Nililikataa neno la bibi wa watu nikiringia matope yako.

Sijamwambia Mama lolote. Anapiga matofali, Fina. Umri ule, anapiga matofali mwenyewe na anayafunika kwa nyasi yasipasuke. Nikimwambia aache ataniuliza kwa nini.

Sijawahi kukuomba kitu tangu uende huko. Nakuomba hiki.

Libère


Durban, 21 Aprili 2024

Kaka,

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Niliandika. Nataka ujue kwamba niliandika, namba ilikaa pale kwenye jedwali na ilipendeza, na nilikaribia kuipeleka kwa Dokta Tahira atie sahihi. Asingegundua, ananiamini. Nikaifuta.

Utasema najali shule kuliko Mama. Mimi katika mji huu ni karatasi, Kaka. Pale kwenye robot hawakuniuliza mama yangu ni nani, walisoma karatasi. Siku nitakayoandika ya uongo, kila ninayoishika itakuwa na shaka mkononi mwangu. Na kuna hili pia: wapo watu wengine, mahali pengine, wenye mikuyu yao, watakaosoma jedwali langu na kulitegemea. Najua hao huwajui. Mimi pia siwajui.

Nimekutumia ripoti, Dokta Tahira ameitia sahihi. Ukurasa wa kwanza ni jedwali. Ukurasa wa pili nimeandika mimi, kwa Kiswahili chepesi, kwamba mkuyu hauwezi kuonekana kwenye matope, na kwa hiyo matope hayawezi kusema haukuwepo. Nimeeleza habari ya ule mkuyu wa hapa chuoni. Omba wasome kurasa zote mbili, piga magoti ukilazimika.

Na tafadhali, kabla hamjaenda, msomee Mama ukurasa wa pili. Asije akausikia ule wa kwanza peke yake. Nakuomba sana hili.

Nisamehe ukiweza.

Joséphine


Rumonge, 12 Mei 2024

Joséphine,

Tumeshindwa. Naandika kwa utaratibu upate kujua yote, halafu sitaandika kwa muda.

Sikumsomea Mama. Kila siku nilisema kesho. Nilikuwa bado natumaini utanitumia karatasi nyingine, namuuliza Ciza asubuhi na jioni kama kuna picha imeingia. Siku ya baraza ikafika, Mama akavaa kile kitenge cha harusi ya mjomba, tukaenda.

Katibu alisoma jedwali. Nyasi, akataja. Michikichi, akataja. Mikuyu, sifuri. Nikasimama na ukurasa wa pili. Mwenyekiti akasema, Libère, shahidi haongezewi neno, ni wewe uliyetutajia desturi hiyo. Nikaanza kusoma hivyo hivyo. Nilipofika kwenye nyigu anayeingia ndani ya tunda, watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Wakanikalisha.

Halafu mwenyekiti, kwa heshima ya umri, akamuuliza Mama kama ana neno. Haikuwa ushahidi, ni heshima tu. Nikajua sasa atawaka, atataja miti yote kama alivyokuwa akiipanga na Bibi Valérie. Mama alisimama akashika mgongo wa benchi. Akasema: "Fina ndiye mtoto wangu aliyesoma. Hajawahi kunidanganya. Kama ameangalia na hakuiona, basi labda mimi nimechanganya. Nilikuwa msichana mdogo. Labda ilikuwa ya kwetu nilikozaliwa." Akakaa. Honoré alitazama chini, na kusema kweli hakuna aliyefurahi mle ndani. Wakaandika uamuzi.

Honoré amesema tusiharakishe, tukae mpaka tuvune mihogo. Nimepata chumba cha kupanga karibu na soko la samaki. Matofali nimeyaacha.

Nyumbani nilimsomea ukurasa wako wa pili. Nimemsomea tena na tena, nimempasulia tunda la mkuyu akaona vinyigu kwa macho yake. Anaitikia ndiyo, ndiyo. Hanipingi. Lakini mikuyu ile haiamini tena, Fina. Ukimuuliza habari za boma anasema sikumbuki vizuri, waulizeni waliosoma.

Jana jioni, akimenya ndizi, aliniambia jambo ambalo hatukuwahi kuambiwa, si mimi wala wewe. Kabla yetu alikuwa na mtoto. Msichana, jina lake Perpétue, alikufa kwa surua mwaka mmoja kabla ya kukimbia, alikuwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Babu alimzika ndani ya ua, chini ya mkuyu wa mlangoni, ili mama yake awe anapita hapo. Kumbe kule mpakani kila siku hakuwa akiitazama michikichi. Alikuwa anatafuta ni mahali gani.

Aliniambia nikuandikie, na anataka ujibu wewe, majibu yangu hayataki. Anauliza: kama hapakuwa na mti, yule mtoto alizikwa wapi? Na anauliza kama huko kwenye hadubini unaweza kumwangalizia kama mtoto mwenyewe alikuwepo.

Libère